Nani Ameshika? Kwa Ta Aristides Kashaija wa Rwamishenye

Ni mwaka mmoja sasa tangu uulize swali lako kwa mara ya mwisho, Ta Kashaija, na nyumba bado inasikiliza kama utauliza tena.

Familia imenipa mimi niandike kumbukumbu hii. Wajukuu walisema, "Bibi, wewe ndiye unayemjua zaidi." Neno hilo nimelishika, maana mwaka huu mzima nimesikia watu wengi wakisema wao ndio waliokujua. Mzee wa kanisa alisema hivyo mbele ya usharika. Vijana wako wa kamba walisema hivyo kaburini. Mafundi wa bati wa Muleba wanasema hivyo hadi leo, na wengine wao ulionana nao msimu mmoja tu. Kila mtu ana Kashaija wake. Basi nami nitaandika juu ya wangu. Anayesoma akiona wivu humu ndani, ajue kuwa ni wa zamani, na wewe mwenyewe ulikuwa umeuzoea kama moshi wa jikoni.

Siku ya mazishi yako vijana walikuja na kamba zako mbili, ile ya kazi na ile ya uhai. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami akanong'ona, "Kamba ya uhai, kwa mtu aliyekwisha kufa?" Rutashobya, yule uliyemfundisha kazi tangu akiwa kijana wa kupaka rangi, alimsikia. Akamjibu kwa upole, "Mama, mwalimu alisema kamba ni mbili siku zote."

Wakajipanga pande zote za kaburi. Kabla jeneza halijasogea, mmoja akauliza kwa sauti, kama ulivyowafundisha: "Nani ameshika?" Wakaanza kujibu mmoja mmoja. "Ameshika Rutashobya!" "Ameshika Celina!" Watu wakalia. Ulishuka taratibu, bila jeneza kugusa udongo wa pembeni, kama yai linavyowekwa kikapuni.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka pamoja na wanawake, kama mjane anavyotakiwa kukaa, mikono mapajani, haina kitu. Nikajiambia: hata leo, Penina. Hata leo kashika mwingine.

Nataka watu wakujue kwanza jinsi ulivyokuwa nyumbani.

Ulikuwa mtu wa sauti ndogo. Hukumwita mtoto ukiwa mbali, ulimfuata. Ukikuta mtu amebeba mzigo njiani hukumuuliza kama anataka msaada, ulishika upande wa pili mkaendelea na safari. Ulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, za moto hadi nikaogopa ulimi wako. Hukulala mchana hata Jumapili. Hukupenda mtu aruke kamba iliyolala chini, wala aikanyage. Kuku akiipita, ulimfukuza kwa maneno ya heshima, kama unayezungumza na mgeni aliyekosea mlango.

Kamba ililala chumbani mwetu. Ulisema panya wa ghalani hawana adabu. Ilitundikwa upande wako wa kitanda, imeviringwa vizuri, imekaushwa kivulini, imekaguliwa kwa vidole kipande kwa kipande. Nguo zangu zilikaa kwenye sanduku, jikoni. Nilikuwa naamka asubuhi na kitu cha kwanza ninachokiona ni wewe, umenipa mgongo, unaipapasa.

"Unatafuta nini humo?" nikakuuliza mara moja.

"Uzi uliochoka."

"Na mimi nikichoka, atanipapasa nani?"

Ulicheka, ukaendelea kupapasa kamba. Lakini asubuhi ile ulinitekea maji mwenyewe, ukayaweka mlangoni, ukaenda zako bila kusema. Hayo nayo nayakumbuka.

Kamba ilikuja na vita. Kabla yake ulikuwa fundi wa bati tu, unapanda kwa ngazi kama wenzako. Ile Novemba jeshi la Amin lilipoingia, tuliondoka mjini na watoto, tukakimbilia kwetu upande wa Rubya, na wewe ukarudi kujiunga na mgambo. Huko mtoni, daraja likiwa limevunjwa, sajini mmoja mtu wa milimani alikufundisha kupitisha watu na mizigo juu ya maji kwa kamba. Sikuijua habari hiyo. Nilichojua ni kwamba wanaume wengine walirudi na redio na masufuria, na wewe ukarudi na kamba begani, umekonda, na swali jipya mdomoni.

Ukalieleza swali lenyewe kwa watoto, pale pale uani, kabla hujaoga. Ulisema anayekwenda juu hauachii uzito wake kabla hajauliza, "Nani ameshika?" Aliye chini hajibu "sisi" wala "tayari". Anajibu kwa jina lake mwenyewe, ili mauti yakija yajue yanabishana na nani. Halafu aliye juu husema, "Basi nashuka," na hapo ndipo anapojiachia.

"Na kama hakuna anayejibu?" Ildefons wetu akauliza.

"Basi unakaa juu," ukamwambia. "Hata mvua ikinyesha."

Vita vilipokwisha, upepo wa ziwani uling'oa bati la mnara wa kengele. Hapakuwa na ngazi ya kufika huko. Ukasema utapanda kwa kamba, ila unatafuta mtu wa kushika ile ya uhai, inayomdaka mtu akianguka. Wanaume wakajitokeza wengi, maana vita vilikuwa vimewaachia mazoea ya kujitokeza. Ukafunga gunia la mchanga, ukalipitisha kwenye tawi la mhumula nyuma ya kanisa, ukawapanga.

"Gunia tu hili, Ta Kashaija?" mmoja akasema. "Mimi nabeba gunia la kahawa kutoka kibanja changu cha migomba hadi chama cha ushirika, nikiimba."

"Kubeba ni kazi ya mgongo," ukamwambia. "Hii ni kazi ya masikio."

Akashika. Ukaliachia gunia bila kumwambia. Yeye akatazama juu kuona kinachotokea, mikono ikasahau, gunia likatua kwa kishindo.

"Umekwisha kumuua," ukasema.

"Nani?"

"Mimi."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alikuwapo mwanamke mmoja kijana, mtu wa kisiwa cha Bumbire aliyeolewa Rwamishenye, amepita na ungo wa dagaa kichwani. Naye akacheka, halafu akasema, "Mmeishika kama mkia wa ng'ombe." Wanaume wakamwambia basi aje ashike yeye. Akatua ungo. Baba yake alikuwa mvuvi asiye na mtoto wa kiume, na kamba za mashua binti alizivuta tangu utotoni. Akaipitisha kamba nyuma ya kiuno, akavua viatu, akakita nyayo. Gunia lilipoanguka, lilisimama hewani pale pale. Wala hakutazama juu.

Huyo ndiye Celina.

Nami nilikuwapo, Ta Kashaija. Nilikuwa nimeleta chakula chako. Niliweka kikapu chini, nikajifunga kitenge vizuri, nikasema nami nitajaribu. Ukanitazama kwa namna ambayo hata leo sijaielewa vizuri. Ukanipa kamba. Ulipoliachia gunia, kamba ilinivuta hatua, ikaniunguza viganja, na gunia likasimama. Watu wakapiga makofi. Nikafumbua macho nione unavyofurahi.

"Ulifumba macho?" ukaniuliza.

"Nilikuwa naomba."

"Mama Ildefons, ukifumba macho unaomba vizuri sana. Ila siku moja utasema amina, ukifumbua, mimi nimekwisha kufika chini."

Wakacheka tena, na safari hii aliyechekwa ni mimi. Nani kati yetu aliyelelewa kanisani anaomba akiwa amekodoa macho? Lakini nataka hili lisomwe na wote waliocheka, na wale ambao bado wako hai wanajijua: gunia langu halikufika chini.

Ukamchagua Celina.

Tangu siku hiyo mji mzima ulisikia. Ulikuwa juu ya mnara, unaonekana mdogo kama kunguru, na sauti yako ndogo huko juu ilikuwa kubwa. "Nani ameshika?" Na kutoka chini, sauti ya mwanamke: "Ameshika Celina!" Na wewe, mbele ya soko na mbele ya watoto wote wa shule: "Basi nashuka, Celina." Nikiwa kisimani wanawake wananigeukia.

"Ma Penina, mzee leo kashikwa tena?"

"Kashikwa," nawajibu.

"Na ameshikwa vizuri?"

"Mngekuwa mmeshikwa ninyi hivyo, msingekuwa na muda wa kuuliza."

Wanacheka, nami nacheka, narudi nyumbani na ndoo, na lile jina linanifuata nyuma kama mbwa wa jirani.

Hata akamwani, matunda yetu ya kahawa ya kutafuna. Mimi ndiye niliyeyachuma mabichi, nikayachemsha na majani yake, nikayakausha juani, nikakufungia kwenye jani la mgomba. Na wewe kabla ya kupanda ulikuwa unapasua tunda moja, buni mbili ndani, moja unatafuna wewe na moja unampa mshika kamba wako. Kila Mhaya anajua maana ya kugawana tunda moja: ni agano la udugu. Nilikuuliza kwa nini usimpe tunda lake zima, yako mengi. Ukasema sajini aligawana nawe biskuti ya jeshi namna hiyo, na wewe huna biskuti.

Mzee Suryakant, ambaye alibaki na duka lake wakati ndugu zake wengi walipohama mji, ndiye aliyekuagizia kamba ya nailoni baada ya ile ya vita kuchoka. Siku ilipofika alinituma mimi nikuletee, ikiwa imefungwa karatasi. "Mama, mume wako anaulizia kamba kama wengine wanavyoulizia mtoto aliyeko masomoni," akaniambia. Alinitazama usoni, kisha akaingia nyuma, akatoka na kipande cha hariri cha kufungia kichwa. Akasema kimekaa sana dukani, kinapoteza rangi. Kilikuwa hakijapoteza rangi yoyote. Yule mzee aliona. Mungu ambariki popote alipo. Wewe uliifungua kamba, ukainusa, na kitambaa kichwani mwangu ulikiona Jumapili iliyofuata.

Ulianza kufundisha baada ya fundi mmoja kuanguka kutoka kwenye paa la shule, akafa mbele ya watoto. Ulisema hutaki kusikia tena habari kama hiyo. Ukawakusanya vijana wa mjini na wa Muleba, wapaka rangi, waezekaji, ukawapeleka kwenye jabali linalotazama Bumbire. Nilikuwa nawaletea uji, nikakaa juani nikatazama, kwa hiyo mafunzo yako nayajua yote. Hakuna aliyewahi kunihesabu, lakini nayajua.

Uliwafundisha kuwa kamba ni mbili siku zote, na kila moja ina mahali pake pa kufungwa. Kwamba fundo lako hulikagui peke yako, mwenzako analigusa kwa mkono na kusema kwa sauti kuwa ameliona. Kwamba penye ncha kali ya jabali unatandika gunia, maana mwamba hukata kamba bila kelele. Kwamba ukienda kumwokoa mtu, kwanza ujiokoe wewe. Na jambo ulilolirudia hadi wakalichoka: mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu yuko hatarini hata kama hana jeraha. Damu inalala miguuni. Azungumzishwe, apige mateke, na ashushwe upesi.

"Akiwa amezimia, nani atapiga mateke?" wakakuuliza.

"Wewe ndiye miguu yake," ukajibu.

Ulikuwa na subira ya ajabu nao. Kijana akitetemeka kwenye ukingo, hukumcheka wala kumsukuma. Ulikaa naye pale, unamuuliza habari za migomba ya mama yake, mpaka mwenyewe anasema, "Mwalimu, nani ameshika?" Uliwaita wanangu. Ildefons alikuwa uani anasikia. Nami nilikuwa jikoni nasikia.

Kwenye tangi la maji ndipo nilipoiona kazi hiyo kwa macho yangu. Rutashobya alikuwa anapaka rangi, jua likamzidi, akazimia, akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Watu wakajaa. Uliitwa kutoka kwenye chakula changu, na sahani yako niliifunika. Celina alikuwa amemzika mumewe majuma machache yaliyopita, bado ana kitambaa cha msiba kichwani. Mumewe alikuwa amekufa kwa ugonjwa ule wa ukimwi, ambao siku hizo tuliuita Juliana, na watu walikuwa wameacha hata kumpa Celina mkono. Alikuja mbio peku.

Ulipanda. Ukamfikia, ukamfunga kwako, kifua chake mgongoni mwako. Ukauliza. Akajibu jina lake. Kamba ya uhai ilibeba watu wawili, na chini alikuwa mwanamke mmoja, ameizungusha kamba kwenye nguzo, anaiachia kidogo kidogo. Ulikuwa unazungumza njia nzima na mtu asiyesikia, na unamgonga miguu kwa miguu yako. Mlipofika chini Rutashobya alifungua macho, akaomba maji. Yuko hai leo, ana watoto.

Watu wakakubeba wewe juu juu. Mimi nilimtazama Celina. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na alikuwa amekaa chini peke yake, hakuna anayemsogelea, kwa sababu ya damu. Wewe ukajitoa mikononi mwa watu, ukaenda ukachukua kikombe alichonywea, ukanywa maji yaliyobaki, mbele ya wote.

Nilirudi nyumbani nikachukua samli, nikaenda nikampaka viganja. "Wakola, mae," akanishukuru. Nilikuwa nampaka samli na moyoni nawaza: nami nina viganja. Viliungua pia.

Wakaanza kusema. Watu wa mjini husema, na miaka ile kusema kulikuwa na makali, kwa sababu mwanamke akiambiwa mumewe ana mwingine hakuwaza aibu tu, aliwaza jeneza. Nawe uliyasikia maneno hayo. Ukaja ukaketi karibu na mafiga, mahali ambapo hukuwa na kawaida ya kuketi.

"Penina. Kamba ni kamba."

"Na jina ni jina," nikakujibu.

"Hakuna kingine."

"Nakuamini. Ndiyo maana inaniuma. Kama kungekuwa na kingine ningejua cha kugombana nacho." Nikakuuliza lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ya gunia. "Kwa nini si mimi?"

Ulichokoa moto kwa kijiti kwa muda. "Nikianguka mikononi mwa Celina, atalia sana, halafu ataamka. Nikianguka mikononi mwako, tumekufa wawili. Watoto watapikiwa na nani?"

"Kumbe mimi ni wa kupika."

"Wewe ni wa kubaki," ukasema.

Nilikukasirikia kwa neno hilo. Nani anataka kuwa wa kubaki?

Lakini nimebaki, kama ulivyosema. Ildefons wetu alirudi kutoka kazini amekuwa mwembamba, mkewe akamtangulia kaburini, na sisi tukamwuguza tukijua ni ugonjwa ule. Majirani waliacha kuingia, walituma salamu kupitia uzio. Celina aliingia. Alikuja na mkanda mpana wa mafunzo, ule wa kumbebea aliyeumia, akaupitisha chini ya mgongo wa mwanangu na chini ya mapaja, akanipa ncha moja na yeye akashika nyingine, tukamwinua kwenda kumwogesha bila kumwumiza vidonda. Ildefons alifumba macho akasema, "Mama, leo sikuumia." Nilikuwa nimemwinua kwa mikono yangu kwa miezi, na kila siku aliumia akanificha. Sijui kama mtu anaweza kumshukuru mwenzake na kumwonea wivu kwa pumzi moja. Mimi niliweza.

Alitufundisha kumgeuza hivyo, nasi tukamgeuza hivyo mpaka mwisho wake. Baada ya kumzika, wewe na mimi tulianza kulea upya, na Adventina, mjukuu wetu mkubwa, ukaanza kumpeleka jabalini. Alijifunza kushika kamba akiwa bado anavaa sare ya shule. Hata yeye.

Halafu moyo wako ukachoka. Madaktari wa Rubya walikutazama vizuri, wakatuambia kwa heshima kwamba tukupeleke nyumbani. Ulilala upande wako wa kitanda, chini ya kamba. Vijana walikuja makundi kwa makundi, wakikuambia nani amepanda wapi na nani amejenga nini, nawe ulitabasamu. Mimi nilikaa miguuni pako, naisugua. Ulikuwa huwezi tena kuisogeza mwenyewe, nami nilikumbuka jabalini. Sikutaka damu ilale.

"Unafanya nini huko?" uliniuliza siku moja.

"Mimi ndiye miguu yako," nikasema.

Ulinitazama sana. "Kumbe ulikuwa unasikiliza."

"Uji ulikuwa unapoa, ningefanya nini kingine?"

Ulicheka mpaka ukakohoa. Hicho ndicho kicheko chako cha mwisho, na hicho ni changu, hakuna aliyekuwapo.

Mchana ule wa mwisho mchungaji alikuja kukuombea. Chumba kilijaa. Rutashobya alisimama mlangoni, Adventina dirishani, Celina kando ya kitanda, upande wa ukutani. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimekushika mkono. Mchungaji akasema tuombe, na wote wakainamisha vichwa, wakafumba macho kama tulivyolelewa.

Mimi sikufumba. Nilikuwa na sababu yangu, Ta Kashaija, wewe unaijua.

Katikati ya sala ukafungua macho. Hukumtazama mtu. Ulitazama juu, kwenye mabati, kama mtu aliye huko tayari anayetazama alikofungia kamba. Na kwa ile sauti ya mnarani, ila sasa ikiwa imebaki uzi tu, ukauliza:

"Nani ameshika?"

Mchungaji hakusikia, aliendelea. Nikainua macho nikakuta macho mengine yako wazi, ng'ambo ya kitanda. Yeye naye hajui kufumba, ulimfundisha hivyo. Tukatazamana juu ya kifua chako. Niliona midomo ya Celina ikifunguka, kwa mazoea tu, kama mguu unavyoinuka penye ngazi. Miaka yote hiyo aliulizwa yeye na alijibu yeye. Jina lake lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Nililiona.

Akalimeza. Akafunga midomo, akainamisha kichwa, na Celina wa Bumbire, ambaye sijawahi kumwona akipepesa macho wakati mtu yuko juu, akafumba macho yake akaomba kama sisi wengine.

Hukuwa na mtu mwingine anayetazama ila mimi.

"Ameshika Penina," nikasema.

Mkono wako ukanitafuta, ingawa ulikuwa tayari ndani ya wangu. Ukapumua, ukasema polepole, kama mtu aliyeridhika na fundo:

"Basi nashuka, Penina."

Na ukashuka. Mchungaji aliposema amina, wakafumbua macho, wakakukuta umekwisha kufika chini.

Celina huja kila Jumapili baada ya ibada. Namwekea mkeka, naleta akamwani, napasua tunda moja, buni moja yangu na moja yake. Tunatafuna. Bado namwonea wivu. Zamani nilimwonea wivu kwa jina lake lililopaa juu ya mji mzima. Sasa namwonea wivu kwa alivyojua kulinyamazia. Sijui kama mimi ningeweza. Sidhani kama ningeweza.

Kamba ya uhai bado iko mahali pake, upande wako. Adventina anaitumia kufundishia vijana, na kila akiirudisha anaikagua kwa vidole. Ninapoamka huwa naipapasa kidogo. Siioni mbaya.

Na ninyi vijana wa kamba mnaosoma haya, mlishusha vizuri siku ile ya mazishi, nawashukuru, hata mwalimu wenu angefurahi. Ila mlichoshusha ninyi kilikuwa jeneza.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Penina. Na wajukuu wako, Adventina na wadogo zake, ambao kwako walikuwa wana. Na ukoo wote wa Kashaija, Rwamishenye na Muleba. Na Rutashobya na vijana wote uliowapandisha na kuwarudisha chini salama. Na Celina, ambaye naandika jina lake hapa pamoja na familia, kwa mkono wangu mwenyewe.

Daima tutakukumbuka, Ta Kashaija, na mimi nitakukumbuka macho yakiwa wazi.